Anti Goni wa Kibirizi

Mama mmoja alisimama katikati ya watu, mtoto mgongoni, akamnyooshea kidole Kreon wetu jukwaani: "Sasa we ni mjomba wa namna gani?" Watu wakaangua kicheko, halafu kicheko kikakatika ghafla, pakawa kimya kile ambacho unasikia mpaka maji yanavyopiga mitumbwi. Mimi nilikuwa nyuma ya turubai nimekalia ndoo, skripti mkononi, nikasema hapa tumeshapata. Maana lile swali ndio mchezo wenyewe, na sisi tulikuwa tunalitafuta miezi miwili.

Ngoja nianze vizuri.

2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, kama mnakumbuka, Mei 15 mpaka Agosti 15, hakuna kuvua, samaki wapumzike wazaliane. Huku Kigoma, mwisho wa reli, ziwa likifungwa na mji unafungwa nusu. Vijana wa mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inapopaki, wakabaki kutwa drafti na kubishana mpira, na mimi nikawa napita pale naangalia, nikajiambia hawa watu wana muda, na zaidi ya muda wana taa. Zile taa za sola za kuvulia dagaa, ambazo kawaida usiku wa giza ukisimama juu Mwanga unaziona ziwani utadhani kuna mji mwingine kule, sasa zimelala ndani zinakula vumbi. Taa za jukwaa za bure! Ndio wazo lilivyoanza, sio kwa sababu ya sanaa sanaa, ni taa.

Mimi na tanzia za Kigiriki ni ugonjwa wa zamani. Shuleni kwetu kulikuwa na nakala moja ya Mfalme Edipode, ile tafsiri ya Samuel Mushi ya 1971, haina jalada, kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa, kwahiyo kwa miaka mingi sikujua inaishaje. Watu wanamtaja sana Mwalimu Nyerere kwa kumtafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, sawa, ila Mushi ndiye aliyenifikishia Mgiriki mimi. Na kiukweli nilivyosoma mara ya kwanza sikuona Ugiriki popote. Tauni imeingia mjini, mazao yanakufa, wanawake wanazaa maiti, wazee wamekuja kumlilia mfalme, ikabidi aitwe mwaguzi kipofu, naye akifika anagoma kusema. Hiyo hadithi ingekuwa ya Kasulu ningeamini.

Ila Edipode ni mzigo mkubwa, kwahiyo tukachukua Antigone. Kwa asiyeijua, Sofokle, yule yule wa Edipode, aliiandika kama mwaka 441 kabla ya Kristo: ndugu wawili wa tumbo moja wamepigania ufalme wa Thebe na kuuana siku moja, mmoja akitetea mji na mwingine akija na jeshi la kuuvamia. Mfalme mpya Kreon anatoa amri: yule mtetezi azikwe kwa heshima, yule mvamizi abaki nje aliwe na mbwa na ndege, atakayemgusa anakufa. Dada yao Antigone anaenda kumzika. Basi. Hakuna jini, hakuna mapenzi ya kuficha, ni maiti moja na mchanga kiganja kimoja.

Sasa vijana walivyosikia jina tu, mambo yaliishia hapo. "Anti Goni!" Anti kama shangazi, anti wa saluni, Goni ndio jina lake. Nikajaribu kuwarekebisha siku mbili tatu nikaacha, na mwisho nikaona wamenisaidia, maana mtu ambaye watu wanamwita Anti ni wa mtaani kwao, akifa inauma.

Yule ndugu mvamizi tukamfanya kijana wa mwalo aliyepotelea ng'ambo akarudi usiku na genge la kuiba injini za boti. Mtu yeyote anayefanya kazi ziwa hili anajua maana ya kuibiwa injini usiku katikati ya maji, sihitaji kueleza, mtu anaweza kuzama au kufilisika ukoo mzima. Kaka yake ni mlinzi wa mwalo, wanakutana gizani, wanauana. Kreon akawa mwenyekiti wa mwalo. Kwahiyo hasira zake zina mantiki, na hilo nililipigania sana, kwa sababu michezo mingi ya Antigone ninayoiona kwenye YouTube inamfanya Kreon dikteta wa katuni, miwani myeusi na magwanda, unamchukia dakika ya pili na mchezo umekufa hapo hapo. Mfaransa Jean Anouilh alipoitoa ya kwake Paris 1944, mji uko chini ya Wajerumani, alimpa Kreon hoja nzito mpaka watu walitoka wanabishana kamtetea nani. Hiyo ndiyo akili. Mtu mwenye hoja akikosea ndio inatisha.

Halafu lugha yetu ikatupa zawadi ambayo sikuitegemea. Kwenye tamthilia ya asili Kreon ni kaka wa mama yake Antigone. Kiingereza kinasema "uncle" na neno linapita kama upepo, uncle anaweza kuwa yeyote hata jirani. Sisi tunasema mjomba. Mjomba! Mtu ambaye mama yako alinyonya ziwa moja naye, mtu unayemkimbilia baba akikufukuza. Kwenye skripti yangu ya kwanza binti alikuwa anamwita "mheshimiwa" tu, mpaka siku moja mazoezini yule dada anayeigiza akasahau mistari, akabaki anamwangalia Kreon, likamtoka: "Mjomba, huyu ni mwanao." Tukaliacha hivyo hivyo. Na ule mstari ndio uliomwinua yule mama mwenye mtoto mgongoni.

Lakini ninachotaka kusema hasa leo ni korasi, maana ndiyo iliyonitoa jasho.

Wagiriki walikuwa na kundi la watu kumi na tano, wanaume watupu kama waigizaji wote, wamevaa vinyago, wanaimba na kucheza katikati ya uwanja wa duara mbele ya watu maelfu. Ukumbi wa Epidaurus ambao upo mpaka leo unachukua kama watu 14,000, mlimani, juu hakuna paa. Korasi sio wapambe. Ni mji. Ni watu ambao mambo yakiharibika juu, chini wanaumia wao. Na dunia ya sasa haijui iwafanyie nini hawa watu! Anouilh aliwapunguza wakabaki mtu mmoja msimulizi. Mwingereza Robert Icke, kwenye Oedipus yake, yaani Edipode huyo huyo, iliyotoka Amsterdam 2018 na kufika London 2024, kaiweka hadithi makao makuu ya kampeni usiku wa uchaguzi, kuna saa inarudi nyuma inahesabu dakika, wazo kali sana nakubali, matokeo ya kura yanakuja na ukweli wa ukoo unakuja, vyote kwa wakati mmoja. Ila korasi hakuna. Mgombea anaanguka mbele ya familia na wasaidizi wake tu, wapiga kura hawapo chumbani. Kwangu mimi hiyo inakuwa tanzia ya nyumba moja. Kali, ndio, ila ya nyumba moja.

Waafrika ndio hawakuona aibu na korasi. Ola Rotimi wa Nigeria alivyoihamisha Edipode kwa Wayoruba, The Gods Are Not to Blame, Ile-Ife 1968, mji mzima uko jukwaani, wagonjwa wanamlalamikia mfalme, kuna nyimbo, kuna methali mpaka unachoka. Na hata sababu ya Edipode kumuua baba yake bila kumjua kaibadilisha kiakili: kwa Sofokle wanagombania kupisha njia panda, kwa Rotimi wanagombania shamba la viazi vikuu. Mambo ya kupishana barabarani huku watu wanatukanana wanaondoka, lakini shamba! Shamba watu wanauana kweli.

Na Yaël Farber wa Afrika Kusini, kwenye Molora, maana yake majivu, kachukua hadithi ya Elektra na mama yake aliyemuua baba, kawakalisha kwenye meza mbili wanatazamana na maikrofoni kama ile Tume yao ya Ukweli na Maridhiano ya baada ya ubaguzi wa rangi. Korasi kawachukua wamama wa kundi la Ngqoko kutoka Eastern Cape, wale wanaoimba kwa koo mtu mmoja anatoa sauti mbili. Wamama wa kawaida kabisa wa kijijini, wamekaa tu, mablanketi mabegani. Na Elektra anapoinua shoka amuue mama yake, ambapo kwa Wagiriki damu inamwagika, wale wamama wanainuka wanamshika. Nilivyoona kipande cha hiyo kitu kwenye simu, bando langu la mwisho la wiki, nililia kama mjinga kwenye daladala ya Ujiji.

Sasa rudi Kibirizi. Korasi yangu ya kwanza ilikuwa vijana saba, wamesimama mstari, wanasema kwa pamoja. Kwa Mgiriki inasemekana ilikuwa inasisimua. Kwetu ikatoka ngonjera. Yaani ile ngonjera ya shule ya msingi, mgeni rasmi kakaa mbele na maji ya chupa, watoto wanayumba kushoto kulia "tunakushukuuuru". Nilibadilisha kila kitu, nikawatawanya, nikawapa ngoma, bado ngonjera. Wiki mbili hivyo. Kreon wetu akaniambia bro hii kitu ya kundi tuitoe, hata Wazungu wameitoa, na mimi nikaanza kukubali.

Kilichotuokoa ni njaa. Kipindi kile wamama wanaoanika dagaa nao hawana dagaa wa kuanika, mchanga mtupu, chanja tupu, wakawa wanakuja kukaa pembeni wanasuka mikeka na kuangalia mazoezi. Na hawakai kimya. Kreon akitoa amri wanaguna. Mlinzi wa maiti akija kuripoti kwamba maiti imefunikwa mchanga na kwa kuogopa kusema anazunguka zunguka (huyo mlinzi Sofokle mwenyewe kamwandika mchekeshaji, watu wanasahau kwamba tanzia zina vichekesho), wanamtania. Siku ya nne nikagundua kwamba naangalia korasi yangu na nimeipa mgongo.

Niliwaomba sita. Sikuwapa mistari, niliwaeleza tu: mwanzo mnamuunga mkono mwenyekiti, mmechoka kuibiwa injini, mnataka utulivu. Katikati mnaanza kusita. Mwisho mnamwambia amwachie binti, na mmechelewa. Ndivyo ilivyo hata kwenye asili, wale wazee wa Thebe wanaanza upande wa mfalme, mwisho ndio wanamsihi akamfungue. Na wamama wakafanya kama wanavyofanya msibani: mmoja anaanzisha, wengine wanadakia, wawili wanateta pembeni kuhusu jambo lingine kabisa, mmoja anafuta macho na wakati huo huo anamkaripia mtoto. Hakuna aliyesema pamoja na mwenzake hata mara moja na ilikuwa ni sauti moja.

Kuna ule wimbo maarufu wa korasi, kwamba vya ajabu duniani ni vingi lakini kumshinda binadamu hakuna, anavuka bahari yenye mawimbi, anapasua ardhi kwa jembe, anatega ndege, anawakokota viumbe wa majini kwa wavu aliousuka, kila kitu kakipatia dawa isipokuwa kifo. Wavu! Miaka karibu 2500 iliyopita mtu kaandika hiyo, na mimi nawasomea wanawake ambao maisha yao ni wavu, na ziwa limefungwa. Mmoja akauliza, huyo mzee alikuwa mvuvi? Nikasema sijamsikia. Akasema basi alikaa karibu na wavuvi. Wakautia kwenye mahadhi ya kaswida, moja ile ya taratibu, na ndio kilikuwa kipande ambacho hakikubadilika tena.

Hasara ipo, nisijidanganye. Antigone wa Sofokle yuko peke yake mbele ya wazee wa kiume, hakuna hata mmoja wa kumshika mkono, na upweke ule ni nusu ya ukali wa mchezo. Sisi tumemzungushia wamama. Kwahiyo ilibidi wamama wenyewe wamwache, na kumbe hiyo inauma kwa namna nyingine, mwanamke mtu mzima anayekujua tangu unatambaa anaangalia pembeni wakati unachukuliwa. Siwezi kusema ni bora. Ni nyingine.

Kibali nacho kilikuwa kisa. Ofisi moja, siitaji, nilienda mara nne. Swali lao: ujumbe wa mchezo ni upi? Malaria? Lishe? Ndoa za utotoni? Maana huku igizo likija uwanjani linakuja na fulana, gari lenye spika na mradi nyuma yake, mwisho mtu anasema "kwahiyo ndugu wananchi". Nikasema ni kuhusu kumzika ndugu. Akaandika pale kwenye fomu: MAADILI. Haya, maadili, tukapata muhuri.

Kuna aliyeniuliza kwanini hatukufanya Wanawake wa Troya, maana sisi Kigoma si ndio wenyewe. Ni kweli. Evripide, Mgiriki mwingine, aliitoa 415 kabla ya Kristo, mwaka baada ya Waathene kuuteka mji wa Melo wakaua wanaume na kuuza wanawake na watoto utumwani, na akawaletea Waathene hao hao jukwaani wanawake wa upande ulioshindwa wamekaa ufukweni wanasubiri kugawiwa meli. Mwaka 2013 wanawake wakimbizi wa Syria waliicheza kule Amman, Jordan, wakachanganya na hadithi zao wenyewe. Na mimi 2015 niliwaona wakimbizi Warundi waliokwama Kagunga wakiletwa na meli ya Liemba, wanashuka gatini na magodoro na sufuria, wanapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika halafu mabasi ya kambi ya Nyarugusu. Wanawake ufukweni wanasubiri meli. Sihitaji Mgiriki kunieleza. Nililileta wazo hilo kwenye kikundi, kuna dada mmoja alikuwa mtoto mdogo kwenye ile safari, akasema mimi hiyo siigizi. Hakueleza na hatukumuuliza. Labda siku moja yeye mwenyewe atataka, sio mimi.

Basi usiku wenyewe. Mwisho wa Julai, usiku mweusi ambao mwaka mwingine wote wangekuwa majini. Taa nane kwenye miti, betri chini. Nilichosahau ni kwamba taa ya dagaa kazi yake ni kuita. Dakika kumi, wadudu wote wa Ziwa Tanganyika wako jukwaani, wanamwingia Kreon mdomoni anatoa amri huku anatema, Ismene, dada wa Anti Goni, anajipiga makofi shingoni, mtoto mmoja mbele anapiga kelele "wamekuja nzige!" Tukazima taa nne. Ikawa giza giza hivi, na kwa bahati ikawa nzuri zaidi, nyuso nusu.

Maiti yenyewe ilikuwa nyavu kuukuu tumezifunga kwenye shuka, tumeilaza pembeni ya watu kabisa, sio jukwaani. Kosa au bahati, sijui. Kwa sababu Anti Goni alipokuja kurusha mchanga, mzee mmoja aliyekaa karibu akainama naye akachota, akarusha. Halafu jirani yake. Wamama wangu wa korasi wamekaa kule upande wa pili, wanatakiwa kuwa bado wako na mwenyekiti, wananiangalia kwenye turubai kwamba tufanyeje, na mimi sina jibu. Wakaendelea kukaa. Watu wanazika, korasi imekaa. Hiyo picha Sofokle hakuiandika na mimi sikuipanga.

Vifo vya mwisho havikuonekana, kama ilivyo asili, anakuja mjumbe anasimulia: binti kajinyonga, mchumba wake, mtoto wa Kreon, kajichoma upanga, mama mtu kasikia kaenda ndani kimya. Wazee wa Ujiji kumbe walikuwa bado wako kwenye suala la binamu kumuoa binamu, halali kabisa kwao, wale wa milimani wanaguna. Mjumbe tulimpa kijana wa bodaboda halisi, nikamwambia usiigize, fanya tu kama siku unapeleka taarifa ya msiba. Akaja, akasimama, akavua helmeti. Akakaa kimya muda mrefu nikadhani kasahau. Watu wakaanza kulia kabla hajafungua mdomo, maana wote wanaijua ile helmeti inavyovuliwa.

Ziwa likafunguliwa Agosti, vijana wakarudi majini, wamama kwenye chanja. Tunasubiri mbalamwezi, vijana wakiwa hawako majini, turudie Ujiji, shida ni Kreon. Jamaa kaenda soko la Mwanga kununua dagaa, mama wa pale, ambaye sio wa kikundi, alikuja tu kuangalia, kampimia mwenzake, kampimia wa nyuma yake, yeye kamruka. Akauliza mama vipi, hela si hii hapa. Mama akamwambia, "Kamzike kwanza mpwa wako." Watu sokoni wakacheka, naye akacheka, ila hakuuziwa. Ananipigia simu kila siku anataka nimpe nafasi ya mlinzi.